Swali lenye ukomo: kanzidata ya wakati halisi kwenye vyumba vya samaki

Saa nane na robo usiku simu yangu iliita. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala la samaki waliogandishwa hapa Mwanza, mzee mwenye sauti ya taratibu hata jambo likiwa limeshaharibika. "Kijana wangu," akaniambia, "skrini yako inasema chumba cha tatu kiko nyuzi hasi kumi na nane. Mimi nimesimama humo humo chumba cha tatu. Maji yananidondokea kwenye kofia."

Kilichotokea nitakieleza huko mbele, maana ndicho kilichonifundisha zaidi ya nusu ya mambo ninayoandika hapa. Kwa sasa jua hivi tu: kanzidata ilikuwa nzima, seva ilikuwa inapumua vizuri, na swali langu la kengele, yaani ombi ambalo programu huipa kanzidata ili kujua kama king'ora kilie, lilikuwa la haraka kuliko maswali yote niliyokuwa nayo. Ila halikuwahi.

Kiswahili kinatupa maneno mawili ambayo sisi mafundi wa data tunayachanganya kila siku: haraka na kuwahi. Mtu anayetembea polepole kwenda kivuko cha Kamanga akafika kabla hakijang'oa, huyo kawahi. Aliyekimbia jasho likamtoka akakuta kivuko kiko katikati ya maji, huyo alikuwa na haraka tu. Kanzidata ya wakati halisi ni ile ambayo jibu sahihi lililofika baada ya ukomo wake linahesabiwa kuwa ni kosa. Kazi yako unapoandaa swali ni kuhakikisha linawahi kila mara, hata siku mambo yakiwa mabaya.

Mimi natumia PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, kwa hiyo mifano yote ni ya huko. Niseme mapema kwamba PostgreSQL haikutengenezwa kuwa ya wakati halisi. Haitoi dhamana ya muda wowote. Kama unatengeneza breki za gari au mashine ya kusaidia moyo, funga ukurasa huu. Kama unalinda samaki, mabasi, foleni ya malipo au matanki ya maziwa, endelea.

Anza na samaki

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na seva: inunuliwe kubwa kiasi gani, iwe na kumbukumbu ngapi. Anza na kitu unachokilinda. Nilipokwenda kwa yule mzee na kujisifu kwamba swali langu linajibu ndani ya sekunde mbili, aliniangalia kwa huruma. "Samaki hayeyuki kwa sekunde mbili, kijana wangu. Ninachotaka mimi ni kengele ilie kabla sijamaliza kunywa chai." Tukakaa tukapigia hesabu chai yake. Tukakubaliana dakika moja, kuanzia hewa ya chumba ilipovuka nyuzi hasi 15 (samaki waliogandishwa hutakiwa wakae hasi 18) mpaka king'ora kinapolia.

Sekunde hizo 60 nikazigawa kama posho. Vihisi vyetu hupima kila baada ya sekunde 5, na sitaki kengele ilie kwa sababu mtu kafungua mlango kupitisha kreti, kwa hiyo nasubiri vipimo 6 mfululizo vilivyovuka: hizo ni sekunde 30. Mtandao kutoka kihisi hadi seva nimeupa 10. Swali la kengele linaamka kila sekunde 5, hivyo kipimo kinaweza kukaa sekunde 5 kikisubiri zamu. Swali lenyewe limepewa 2. Jumla 47. Kumi na tatu zilizobaki ni akiba ya king'ora na ya mambo nisiyoyajua.

Ukishapata namba ya namna hiyo, jiulize jibu likichelewa linakuwa na thamani gani. Kuna maswali ambayo kuchelewa kwake ni maafa, mengine jibu likichelewa linatupwa tu, na mengine thamani yake inashuka polepole. Kwangu mimi swali la kengele ni la kundi la kwanza. La skrini ya ofisi ya upakiaji ni la kundi la pili: linaburudisha kila sekunde 10, na likipitwa na zamu hakuna haja ya kulimalizia, lianze lingine. Ripoti ya usiku ni ya tatu. Mkurugenzi anaitaka saa kumi na mbili asubuhi, lakini ikifika na nusu hakuna aliyekufa.

Andika mambo haya karatasini kabla hujagusa kibodi. Sisemi hivyo kwa kupenda makaratasi. Ikifika saa mbaya utalazimika kumwacha mmoja, na usipoamua wewe mapema, seva itaamua yenyewe, nayo haijui samaki ni nini.

Data nayo huoza

Kwenye kanzidata ya kawaida, mstari ulioandikwa jana ni kweli hata leo: jina la mteja ni jina la mteja. Kipimo cha joto hakiko hivyo. Hasi 18 ya dakika tano zilizopita ni historia. Kwa hiyo kila data inayobadilika yenyewe iwekee umri wa mwisho. Kipimo cha chumba kwangu kinaishi sekunde 20, baada ya hapo hakina haki ya kuitwa hali ya sasa.

Kuna umri wa namna nyingine ambao watu huusahau: data mbili zinazosomwa pamoja ziwe za wakati mmoja. Tulikuwa na skrini ikionyesha "mlango umefungwa, joto linapanda", na fundi wa majokofu akafungua kompresa bure. Kumbe joto lilikuwa la sasa hivi, na hali ya mlango ilikuwa ya sekunde 40 nyuma. Kila moja peke yake ilikuwa kweli. Zilipowekwa pamoja zikawa uongo. Siku hizi swali linalounganisha joto na mlango linakataa kuunganisha kama muda wa vipimo hivyo viwili umepishana zaidi ya sekunde 5.

Ili hilo liwezekane, kila kipimo kibebe saa mbili, ya kupimwa na ya kupokelewa, zote za aina ya `timestamptz` (tarehe na saa inayozingatia ukanda wa saa), na vifaa vyote visawazishwe saa kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Saa ya kupimwa ndiyo ya maamuzi. Ya kupokelewa ni ya kujua mtandao unakulia sekunde ngapi kwenye ile posho.

Halafu kuna mtego wa `now()`. Ndani ya PostgreSQL, `now()` hurudisha saa ambayo muamala (kundi la amri zinazokamilika pamoja) ulianza. Muamala ukikaa wazi dakika kumi, `now()` yako imeganda dakika kumi nyuma, na kila kipimo kilichooza kitaonekana kibichi. Kwa kupima umri wa data tumia `clock_timestamp()`. Mtego huu uliwahi kunilia Jumamosi nzima.

Na kimya kisikudanganye. Swali la `WHERE nyuzi > -15` likirudi tupu, linaweza kuwa linasema vyumba vyote ni salama, au linaweza kuwa linasema vihisi vyote vimekufa. Kwa swali hilo mambo hayo mawili hayana tofauti. Swali la kengele lazima liulize na wasiosema.

Kazi ifanyike data inapoingia

Tuna vihisi 64 vya vyumba. Kila kimoja kipimo kimoja kwa sekunde 5, hiyo ni wastani wa vipimo 12.8 kwa sekunde, au 1,105,920 kwa siku. Kwa kanzidata ya leo hicho ni kifungua kinywa. Lakini kwa siku 30 jedwali la `vipimo` linabeba mistari milioni 33 na zaidi, na swali langu la kwanza kabisa la kengele lilikuwa linachimba humo kila baada ya sekunde 5 kutafuta vipimo sita vya mwisho vya kila kihisi.

Lilikuwa na faharasa (orodha ya kuharakisha utafutaji, kama ile ya nyuma ya kitabu), tena nzuri, ya kihisi na wakati kwa kushuka. Kwa kawaida lilimaliza ndani ya milisekunde 40. Tatizo ni kwamba muda wake ulitegemea mambo yasiyonihusu: kurasa (vipande vya jedwali) ziko kwenye kumbukumbu au zimesukumwa nje, mpangaji wa kanzidata leo kaamua kupita njia ipi, takwimu za jedwali zimesasishwa lini. Swali la wakati halisi linatakiwa kuwa na kazi unayoweza kuihesabu kwa vidole kabla halijaanza.

Dawa ni kuhamisha kazi kutoka kwenye kuuliza kwenda kwenye kupokea. Nina jedwali dogo linaloitwa `hali`, mstari mmoja kwa kila kihisi, basi: mistari 64 leo, mistari 64 mwakani. Kipimo kikifika kinaandikwa `vipimo` kwa ajili ya historia, na papo hapo kinasasisha `hali`:

```
INSERT INTO hali (kihisi, nyuzi, wakati, mfululizo)
VALUES ($1, $2, $3, CASE WHEN $2 > -15 THEN 1 ELSE 0 END)
ON CONFLICT (kihisi) DO UPDATE
SET nyuzi = EXCLUDED.nyuzi,
    wakati = EXCLUDED.wakati,
    mfululizo = CASE WHEN EXCLUDED.nyuzi > -15
                     THEN hali.mfululizo + 1 ELSE 0 END
WHERE hali.wakati < EXCLUDED.wakati;
```

Safu ya `mfululizo` inahesabu vipimo vilivyovuka bila kukatika. Kimoja kikirudi chini, hesabu inaanza sifuri. Mstari wa mwisho, ule wa `WHERE`, unazuia kipimo cha zamani kilichochelewa njiani kisifute kipya. Usiuache. Baada ya hapo swali la kengele linabaki hivi:

```
SELECT kihisi, nyuzi, wakati FROM hali
WHERE mfululizo >= 6
   OR wakati < clock_timestamp() - interval '20 seconds';
```

Linasoma mistari 64, halina kupanga wala kuunganisha, na mpangaji hana njia mbili za kuchagua. Sharti la pili ndilo linalowashika walionyamaza.

Jambo moja la kujizuia: usiweke faharasa kwenye `nyuzi`, `wakati` wala `mfululizo` ndani ya jedwali hili. Najua mkono unawasha. Mistari 64 haihitaji, na ukiweka utaharibu jambo ninaloeleza sasa hivi.

Mizoga

Hapa ndipo nilipopotezea muda mrefu, kwa hiyo nikae kidogo.

PostgreSQL haifuti mstari unapousasisha. Inaandika toleo jipya pembeni na kuliacha la zamani pale pale, kwa sababu huenda kuna mtu alianza kusoma kabla na bado ana haki ya kuliona. Matoleo hayo yaliyoachwa mimi nayaita mizoga. Baadaye mfagiaji, yaani autovacuum, hupita kuyaondoa. Zaidi ya hapo, kama safu uliyobadilisha haina faharasa na ukurasa una nafasi, kanzidata huweza kusafisha mizoga ya ukurasa huo yenyewe bila kumsubiri mfagiaji. Ndiyo maana nikasema usiweke faharasa, na ndiyo maana jedwali la `hali` nimelipa nafasi ya kupumua, nusu ya kila ukurasa ibaki wazi:

```
ALTER TABLE hali SET (fillfactor = 50);
```

Kwa siku za kawaida mambo yanakwenda. Sasa leta swali la ripoti linaloanza saa saba usiku na kumaliza saa kumi. Kwa saa zote tatu linashikilia picha ya kanzidata kama ilivyokuwa saa saba. Mfagiaji anakuja, anatazama mizoga ya `hali`, anaambiwa: hapana, huyu bwana wa ripoti anaweza kuihitaji. Anaondoka mikono mitupu. Anarudi, vile vile. Ripoti haiigusi `hali` hata kidogo, lakini kanzidata haina namna ya kulijua hilo. Piga hesabu: masasisho 12.8 kwa sekunde kwa saa tatu ni mizoga 138,240. Jedwali la mistari 64! Swali langu la kengele, lile la kuhesabika kwa vidole, likawa linapita katikati ya mizoga laki na nusu kasoro kutafuta walio hai 64. Kila usiku ifikapo saa tisa likawa zito, na kila asubuhi nikija kulipima ni jepesi kama unyoya.

Ukitaka kuona kwa macho yako, tazama `n_dead_tup` (idadi ya mizoga) kwenye `pg_stat_user_tables`, halafu tafuta nani anashikilia picha ya zamani:

```
SELECT pid, usename, age(backend_xmin), xact_start, left(query, 50)
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_xmin IS NOT NULL
ORDER BY age(backend_xmin) DESC;
```

Wa kwanza kwenye orodha ndiye mgeni asiyetaka kuondoka. Anaweza kuwa ripoti, anaweza kuwa zoezi la nakala rudufu, anaweza kuwa wewe mwenyewe uliyefungua muamala ukaenda kula. Kwa huyo wa mwisho weka `idle_in_transaction_session_timeout`. Mimi nimeweka dakika moja.

Ripoti nikaihamishia kwenye seva nakala, yaani seva ya pili inayofuatisha data za seva mama. Hapo napo pana kona: ukiwasha `hot_standby_feedback`, seva nakala itaitumia seva mama ujumbe kwamba "msifagie, kuna mtu anasoma huku", na mizoga inarudi pale pale ulipoikimbia. Ukiizima, swali refu kwenye nakala linaweza kuuawa linapogongana na ufagiaji unaotoka kwa mama. Kwa kawaida huvumiliwa sekunde 30 tu. Mimi nimeizima, nikauongeza uvumilivu wa nakala ufikie urefu wa saa nne (`max_standby_streaming_delay`), nikakubali kwamba nakala inaweza kuwa nyuma usiku. Ripoti ya jana haijali kuchelewa huko.

Usiku wa kofia yenye maji

Sasa nirudi kwa mzee. Usiku ule swali la kengele lilikuwa bado linasoma `vipimo`, jedwali kubwa. Ripoti ilikuwa inakimbia juu ya jedwali hilo hilo. Mimi, nikiwa nyumbani, nikaona ni saa tulivu ya kuongeza safu moja:

```
ALTER TABLE vipimo ADD COLUMN chanzo text;
```

Kazi yenyewe ni ya milisekunde. Lakini inadai kufuli kali kuliko zote, ile isiyokubali mwenzake yeyote, na ripoti ilikuwa imeshika kufuli yake ndogo ya kusoma. Amri yangu ikasubiri. Hilo silo baya. Baya ni kwamba kufuli za PostgreSQL zina foleni: kila aliyekuja baada yangu kwenye jedwali lile, hata msomaji ambaye angepita bila kugombana na ripoti, alisimama nyuma yangu. Vipimo vipya vikasimama. Swali la kengele likasimama. Halikuwa na kikomo cha muda, hivyo halikushindwa, lilisubiri tu kwa adabu. Skrini ikabaki na namba ya mwisho iliyokuwa nayo, hasi 18, inang'aa kijani. Dakika 11. Na kreti moja ilikuwa imezuia mlango wa chumba cha tatu usifunge.

Kwenye magari ya abiria utaliona jambo hili: lori limeharibika kwenye njia moja, daladala lingeweza kulipita pembeni, lakini basi kubwa limejipanga nyuma ya lori na linaziba njia zote mbili.

Waliopeleka chombo cha Mars Pathfinder sayari ya Mirihi walipatwa na ndugu wa tatizo hili. Kilitua tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi ndogo ya kukusanya data za hali ya hewa ilikuwa inashika kufuli ambayo kazi kuu ya kusimamia njia ya data iliihitaji. Kabla ndogo haijaachia, kazi za kati zilikuwa zinaisukuma pembeni, na kubwa inakwama nyuma ya ndogo mpaka ukomo unapita na mlinzi wa mfumo anawasha upya kila kitu. Wahandisi walilizalisha tatizo hilo hapa duniani, wakawasha kwa mbali chaguo linaloipa kazi iliyoshika kufuli kipaumbele cha yule anayeisubiri. PostgreSQL haina chaguo hilo, kwa hiyo inabidi tujilinde kwa mikono.

Kinga yangu ni fupi. Hakuna amri ya kubadilisha jedwali inayoingia bila `SET lock_timeout = '2s'` mbele yake; ikishindwa inajaribu tena baadaye, na foleni nyuma yake haizidi sekunde mbili. Swali la kengele lina kikomo chake mwenyewe:

```
ALTER ROLE kengele SET statement_timeout = '2s';
```

Na likikatwa na kikomo hicho, programu haiandiki kosa kwenye faili na kunyamaza. Inapiga kengele ya aina nyingine, yenye mlio tofauti, inayomaanisha "sijui hali ya vyumba, nendeni mkaangalie". Mzee anaichukia kengele hiyo kuliko ile ya joto. Skrini nayo sasa inaandika umri chini ya kila namba, na ukipita sekunde 20 namba inageuka kijivu.

Foleni ikikushika, swali hili litakuonyesha nani anamzuia nani:

```
SELECT pid, pg_blocking_pids(pid), left(query, 50)
FROM pg_stat_activity
WHERE cardinality(pg_blocking_pids(pid)) > 0;
```

Nani atangulie, nani aachwe

Wataalamu walishughulikia upangaji wa zamu mapema. Mwaka 1973 C. L. Liu na James Layland walionyesha kwamba kwenye processor moja, kwa kazi zinazojirudia, ukimtanguliza kila mara yule ambaye ukomo wake uko karibu zaidi, wote watawahi ilimradi mzigo wa jumla hauzidi asilimia 100. Ni kanuni nzuri, na mtu akiwa na foleni yake mwenyewe ya maswali kwenye programu anaweza kuitumia. Ila mzigo ukizidi uwezo inageuka balaa: anatangulizwa yule aliye karibu kuchelewa, anakula muda, anachelewa hata hivyo, na kwa muda aliokula anamchelewesha wa pili, naye wa tatu. Wanaanguka kama fito zilizoegemezana.

Kwa hiyo mimi siamini kipaumbele peke yake. Naamini milango tofauti. Wakati fulani programu zetu zote zilikuwa zinagawana miunganisho 20. Dada mhasibu akifungua ripoti, ikichelewa anabonyeza tena, na tena. Kila alipobonyeza, swali jipya lilifunguka na la zamani liliendelea kukimbia kwenye seva bila mtu wa kulipokea jibu. Siku moja niliyakuta 12 yanayofanana herufi kwa herufi. Simlaumu, kitufe nilikitengeneza mimi. Sasa mtumiaji `ripoti` ana `CONNECTION LIMIT 3`, na kengele ina miunganisho yake miwili isiyopita kwenye fungu la pamoja kabisa. Inabaki wazi usiku na mchana.

Mzigo ukipanda, mpangilio wa kuachana umeshaandikwa: skrini zinatoka kuburudisha kila sekunde 10 kwenda 30, kisha ripoti zinakataliwa kwa ujumbe wa wazi, na kengele haiguswi. Ofisini walinung'unika wiki moja.

Malori ni habari nyingine. Lori lenye vihisi 4 likipita dakika 40 pasipo na mtandao linarudi na vipimo 1,920 kwa mpigo. Silika ya fundi ni kuvituma kwa mpangilio wa kuingia, cha kwanza kwanza, na hapo kipimo cha sasa, ndicho pekee chenye haraka, kinakuwa cha mwisho. Geuza: kifaa kitume kipya kabisa kwanza, halafu vya zamani viingie taratibu kwenye `vipimo` kupitia foleni ya pembeni.

Watu huniuliza kuhusu `LISTEN` na `NOTIFY`, kwamba kwa nini niulize kila sekunde 5 badala ya kanzidata kuniita. Naitumia kwa skrini. Kwa kengele siitegemei, kwa sababu wito hutoka muamala unapokamilika tu, na asiyekuwa ameunganishwa wakati huo hawekewi. Na kihisi kilichokufa hakimwiti mtu.

Pima kwa kikombe

Wastani ni muongo mwenye adabu. Swali la kengele linaamka mara 17,280 kwa siku. Mtu akikuambia asilimia 99 zimewahi, furaha yako ipungue: maana yake ni zaidi ya mara 170 kwa siku hazikuwahi. `pg_stat_statements` itakupa wastani na muda mrefu kuliko wote, si mgawanyo wake, kwa hiyo programu yangu inaandika mwanzo na mwisho wa kila zamu, nami Ijumaa naangalia ishirini mbaya zaidi za wiki. Katika hizo ishirini ndimo nilimoikuta mizoga.

Lakini namba za kanzidata zinapima sekunde mbili kati ya sitini. Zilizobaki hazipimwi na seva. Jumatatu saa nne asubuhi, ripoti ikiwa imewashwa makusudi ili kuleta vurugu, naenda ghalani na kikombe cha maji ya moto. Kihisi cha akiba cha chumba cha tatu kinatumbukizwa, mzee anabonyeza saa ya simu yake, tunasubiri king'ora. Kisha tunachomoa kihisi kingine waya na kusubiri tena, kuona kama kimya kinasikika. Mara moja ilifika sekunde 55, na haikuwa kanzidata: kisanduku cha mtandao kilikuwa kimewekwa nyuma ya rundo la makreti ya chuma.

Mzee anaandika matokeo kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Jumatatu iliyopita aliandika 39, akapiga mstari chini yake, akaenda kumalizia chai.